Kabla Meli Haijang'oa Nanga

Liko suali ambalo kwa mtazamo wa haraka ni la ratiba na nauli tu, wala halistahiki kuitwa la falsafa. Mtu amepanda meli kubwa ya matembezi. Meli inafunga gati katika bandari fulani saa moja ya asubuhi, nayo itaondoka saa kumi na mbili za jioni. Wenye meli wanauza safari za nchi kavu, kwa mabasi, na mbele anatangulia kiongozi mwenye kibendera. Lakini huyu bwana, au bibi, hataki kwenda na kundi. Anataka kujipangia mwenyewe, na anachokitafuta ni mahali palipopiganwa vita: ufuo, ngome, makaburi. Afanyeje? Aanze wapi, akae kwa muda gani, arudi kwa njia ipi?

Vitabu vya wasafiri humjibu kwa kilomita na kwa bei. Mimi nadhani suali lake ni zito kuliko majibu hayo. Mwenye saa chache na anayekwenda kwa wafu hana budi kuamua ni wafu gani watakaopata saa zake na ni wepi watakaopitwa. Mwalimu Nyerere, alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969, alisema kwamba kupanga ni kuchagua. Yeye alikuwa akizungumzia shule, barabara na viwanda, lakini kauli hiyo inamfaa pia abiria aliyeketi chumbani mwake baharini, ramani iko magotini, anahesabu dakika.

Natuanze mbali na kwetu, ili jicho lipate kuona bila ya kuwashwa na vumbi la nyumbani.

Meli zinazowaahidi abiria wake Normandy, nchini Ufaransa, aghalabu hufunga gati katika bandari ya Le Havre. Fukwe walikotua majeshi ya Washirika tarehe 6 Juni 1944 haziko hapo. Ziko ng'ambo ya mlango wa mto Seine. Ufuo wa Omaha ni zaidi ya kilomita 120 kwa barabara, kwa kuvuka daraja kubwa na kupita karibu na mji wa Caen. Njia ikiwa nyeupe ni saa moja na nusu kwenda. Isipokuwa nyeupe hukaribia mbili. Na kurudi ni vivyo hivyo. Treni haimfai mtu wa siku moja, kwa kuwa reli inazunguka kwa Rouen. Kwa hiyo anayejipangia hukodi gari, au humwajiri mwenyeji mwenye gari. Tena iko sheria isiyoandikwa kwa herufi kubwa: basi la meli likichelewa, meli hulingojea, wewe ukichelewa na gari lako, utaiona meli mgongo. Mwenye akili hujiwekea saa nzima ya akiba. Ukitoa hiyo, na ukitoa foleni ya kushuka, unabakiwa na saa tano hivi za kusimama juu ya ardhi uliyoijia.

Saa tano hizo zinakwenda wapi? Karibu kila mtu huzipeleka pale pale. Kwanza ni makaburi ya Wamarekani pale Colleville, juu ya ufuo wa Omaha: zaidi ya makaburi 9,380, misalaba na nyota za Daudi za marumaru nyeupe, na ukuta wenye majina 1,557 ya waliopotea. Kisha ni Pointe du Hoc, jabali ambalo askari 225 walitumwa kulipanda kwa kamba na ngazi, na baada ya siku mbili wakabaki 90 hivi wenye uwezo wa kushika silaha. Kisha Arromanches, kuyaangalia mabaki ya bandari ya kuundwa iliyovutwa vipande vipande kuvuka bahari. Hapo jua limeshapinda na dereva anaangalia saa.

Sina neno juu ya ziara hiyo. Waliolala Colleville wanastahiki kuzuriwa. Ninachokiangalia ni kile kilichoachwa. Dakika chache kutoka Omaha, kando ya barabara kuu, yako makaburi ya La Cambe, walikozikwa Wajerumani zaidi ya 21,000. Pale Bayeux wamezikwa zaidi ya 4,600, wengi wao Waingereza, na baina yao wamo Wajerumani mia kadhaa waliowekwa katika ardhi moja na waliokuwa wakiuana nao. Na zaidi ya yote kuna Le Havre yenyewe. Tarehe 5 na 6 Septemba 1944 ndege za Uingereza ziliuangushia mabomu mji huo, kabla ya majeshi kuukomboa tarehe 12 mwezi huo huo. Wakaazi wapatao 2,000 walikufa. Katikati ya mji palibaki kifusi. Majengo ya zege anayoyaona abiria akishuka ni mji mpya uliosanifiwa na Auguste Perret juu ya kifusi hicho, na mwaka 2005 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia.

Basi fikiri, msomaji: mahali pa vita palipo karibu kabisa na ngazi ya meli ndipo hapo hapo anapopakimbia. Huenda hata akasema, akifunga mkanda wa gari, kuwa bandari hii haina cha kuona.

Kwa nini? Si kwa ubaya wa moyo. Waliokufa Omaha wana kisa kilichonyooka: walikuja kuwakomboa wengine wakapoteza roho zao. Waliokufa Le Havre waliuawa na mabomu ya wakombozi wao. Kisa hicho hakikai vizuri katika kitabu cha wasafiri, kwa sababu anayekisoma hajui amshangilie nani. Inahitaji moyo kusimama pale kanisa la Mtakatifu Yusufu linapopandisha mnara wake na kukubali mambo mawili kwa pamoja: kwamba vita vile vilikuwa vya haki, na kwamba mama aliyefunikwa na dari ya nyumba yake hakuwa na deni lolote la kulipwa kwa njia ile. Anayejipangia mwenyewe ana uhuru wa kusimama hapo. Abiria wa basi hana. Lakini uhuru huo kwa desturi hutumika kwenda kule kule basi linakokwenda, kwa gari dogo zaidi.

Wapo watakaosema kuwa suali zima limekaa upande: kwamba kuzuru mahali pa mauti katikati ya safari ya starehe, baina ya kifungua kinywa na ngoma za usiku, ni utovu wa adabu, na mwenye haya angebaki melini. Nimeifikiri hoja hii kwa muda mrefu wala siikubali. Lugha yetu yenyewe inaipinga. Tunasema ziyara kwa kwenda kwa mgonjwa, kwa kwenda kwa mkubwa, na kwa kwenda makaburini; ni neno moja. Wazee wetu hawakuona kuwa aliye hai amkimbie maiti. Walichofundisha ni namna ya kwenda: utoe salamu, usikanyage, usicheke, usikae kitako juu ya kaburi la mtu. Na hilo neno mtalii, ambalo leo tumeliacha limaanishe mtu mwenye kamera na kofia, asili yake ni kutalii, yaani kusoma kwa makini na kuchungua. Mtalii alikuwa mwanafunzi. Kwa hiyo simlaumu mgeni kwa kuja. Namuuliza amekuja kusoma nini.

Sasa nirejee nyumbani, ambako suali linageuka na kutushika sisi wenyewe.

Meli za namna hiyo hufika Unguja. Abiria anayependa habari za vita, akiwa amejisomea kabla, atashuka Malindi na kutafuta mashua ya kwenda Chapwani, kisiwa ambacho Waingereza walikiita kwa jina la makaburi. Huko wamezikwa mabaharia wao, wakiwamo baadhi ya wale wa manowari Pegasus. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus ilikuwa bandarini petu ikitengenezwa mitambo yake, na manowari ya Kijerumani Königsberg ikatoka upande wa Rufiji ikaipiga kwa mizinga ambayo masafa yake yalikuwa marefu kuliko ya Waingereza. Walikufa watu 38. Makaburi yapo, majina yapo, na safari ya mashua si ndefu. Ni ziara inayomfaa kabisa mtu mwenye nusu siku.

Akiwa ndani ya mashua hiyo, akigeuza uso kuuangalia mji, ataliona jumba la kifalme na Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Hapo pia ni mahali pa vita. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ya Sayyid Khalid bin Barghash, na inakisiwa kuwa waliouawa na waliojeruhiwa upande wa kasri walikuwa 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Wapo wasemao vita vile vilidumu dakika 38, wapo wanaozifikisha 40 na ushei. Nambari hii 38 imetuandama kwa namna ya ajabu: dakika 38 za mwaka 1896, na maiti 38 wa mwaka 1914. Wale wa pili twaweza kuwasoma majina.

Na hapa nina jambo la kuwaambia jamaa zangu wanaotembeza wageni, ambao riziki yao naiheshimu. Vita vya 1896 hivi sasa vinasimuliwa pale Forodhani kama mzaha. Vita vifupi kuliko vyote duniani! Mgeni anacheka, anapiga picha, anatoa bakhshishi. Lakini anachekwa nani? Watumwa na watumishi wa kasri, askari na raia waliobaki nyuma ya kuta za mbao na mawe zilipoanza kuingia risasi za mizinga, hao ndio kichekesho. Hakuna kiongozi wa watalii pale Omaha anayeanza na utani juu ya idadi ya dakika alizoishi askari baada ya kushuka majini. Mgeni hawezi kuwaheshimu maiti ambao wenyeji wao wanawauza kwa kicheko. Najua njaa inasema nini, na najua kuwa kisa kirefu hakiuziki kwa mtu anayeangalia saa. Hata hivyo ipo tafauti baina ya kufupisha kisa na kukitia chumvi kiwe tamu.

Nilikuwa nimesema kuwa mgeni wetu anajipangia mwenyewe. Neno hilo linahitaji kupimwa. Akishaingia mashuani, nahodha ndiye anayejua maji yanapwa saa ngapi, kusi imeamkaje, na kama watafika pwani ya Chapwani bila ya kutembea majini hadi magotini. Mgeni anamtegemea kwa roho yake na kwa nafasi yake melini. Ikisha wanapatana saa. Nahodha akisema watarudi saa nane, na mgeni akazihesabu nane hizo kwa mtindo wa kwao, wameachana kwa masaa sita kabla tanga halijakunjuliwa. (Usicheke; mambo haya hutokea.) Na meli nayo huenda ina saa zake, ambazo si za bandari. Kwa hiyo huko kujitegemea kwake ni kutegemea watu asiowajua majina, badala ya kulitegemea shirika analolijua jina. Mimi naona hilo ndilo jambo jema katika safari ya namna hii, lakini kwa sharti kwamba mgeni alione. Anayemkamia nahodha kwenye bei mpaka jasho limtoke, kisha akaenda kuinamisha kichwa mbele ya kaburi la baharia, amefanya adabu kwa upande mmoja tu wa mashua.

Nimebakisha lililo gumu. Mpaka hapa nimezungumza kama kwamba mahali pa vita ni mahali palipo. Mtu akitaka ataenda, asipotaka atapita. Lakini mahali pa vita, kwa maana wanayoitumia wapangaji safari, ni mahali ambapo mtu fulani aliamua kusimamisha jiwe. Palipokosekana jiwe, hapamo orodhani. Vita vile vilivyoizamisha Pegasus viliendelea bara kwa miaka minne, na waliovibeba, kwa maana halisi ya kubeba, walikuwa wapagazi. Waingereza waliwachukua Waafrika wapatao milioni moja kubeba chakula na risasi, kwa kuwa ndorobo waliwaua nyumbu na farasi na barabara hazikuwapo. Wakafa kwa maelfu yasiyohesabika sawasawa, kwa kuhara, kwa malaria na kwa njaa. Mwezi Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na yumkini kufikia 350,000, waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika na Mashariki ya Kati. Soma tena nambari hizo mbili. Tafauti iliyopo baina ya ndogo na kubwa ni watu 234,000. Kule Colleville wanajua hata idadi ya wasiojulikana.

Basi mtu atapanga vipi ziara ya kwenda mahali pasipokuwapo?

Mfano wa Fort Jesus unanisaidia kidogo. Abiria anayeshuka Kilindini anaweza kufika ngomeni kwa mwendo mfupi wa gari, na huko ataonyeshwa mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg, maadui wawili waliowekwa nyumba moja. Wageni huupenda mkutano huo wa chuma kwa chuma. Ni mara chache mtu kuuliza mzinga wa Königsberg ulitokaje mtoni. Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, wakaiopoa mizinga yake 10, na mizinga hiyo ikaburutwa nchi kavu, kupita mikoko na matope, kwa mikono na mabega ya mamia ya watu, ikapelekwa kupigana bara. Chuma kimehifadhiwa. Kina nasaba, kina mwaka, kina jina la meli kilikotoka. Mabega hayamo. Hata hivyo anayeuliza suali hilo mbele ya chuma kile amekwisha kufika pale ninapopatafuta, bila ya kuongeza hata dakika moja katika ratiba yake.

Na mwenye kushuka Dar es Salaam atakwenda kwa miguu hadi sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, bunduki na singe vikielekea bandarini. Picha itapigwa. Lakini hapo mbele, katika mwendo wa dakika chache kwa bajaji, iko Kariakoo. Jina hilo ni ulimi wetu ulivyolitamka lile jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambao kambi yao ilikuwa hapo Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916. Nairobi nao wanayo yao, Kariokor. Hakuna ratiba ya safari za vita inayoitaja Kariakoo. Dereva atamtahadharisha mgeni juu ya wachomoaji, na atakachokiona ni vitambaa, masufuria, simu, na watu waliobeba mizigo vichwani. Jina lilikaa mdomoni mwa watu zaidi ya miaka mia moja bila ya shaba wala marumaru, na kila anayesema anakwenda Kariakoo kununua shuka anawataja bila ya kujua. Sisemi kuwa hilo linatosha. Nasema kwamba mgeni anayetaka kuwazuru wapagazi hana anwani nyingine iliyo bora, na sisi wenyeji tunaoipita kila siku hatujamwekea hata kibao.

Kuna ziara moja ambayo haihitaji gari wala mashua. Mapema Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail ilitoka bandari ya Kilindini kuelekea Colombo, imebeba watu 1,511, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki waliokuwa wakienda katika vita vya Asia, na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora mawili nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili au tatu. Nyambizi ilijificha chini ya pale walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiilinda safari zikatupa mabomu yao ya majini hapo hapo, kwa kuwa zilikuwapo meli nyingine za kulindwa. Watu 1,297 walikufa. Kama nahodha yule alitenda sawa au hakutenda sawa, wanafalsafa wanaweza kukesha. Nami sijapata jibu linaloniachia usingizi.

Meli ya matembezi ikitoka Kilindini kuelekea Maldives au Colombo inaukata mkondo ule ule, pita ule mwamba wa nje, kisha kaskazini mashariki. Abiria wameshahesabiwa na ngazi imeinuliwa. Ratiba ya siku inayofuata, iliyosukumwa chini ya mlango, inasema: siku nzima baharini, hakuna cha kuzuru.